Vichwa Mia Tatu vya Halvor

Aprili 25

Theluji imebaki upande wa kaskazini wa ghala tu. Leo nimemaliza vichwa vya risasi vya Mzee Halvor, mia tatu kamili, greni 187 kila kimoja. Greni elfu saba ndizo zinazofanya ratili moja, kwa hiyo asiyeijua kazi hii akisikia nagombana na sehemu ya kumi ya greni huniona nimerukwa na akili. Acha anione. Kichwa kikimzidi mwenzake uzito, mwendo unabadilika, na ukifika yadi elfu moja ile tofauti ya unywele imeshakuwa upana wa kiganja.

Magamba ya shaba yanayofunika kichwa, yale ya mwaka jana, hayakutosha. Yaliishia kichwa cha mia na thelathini, nikafungua boksi jipya. Haya mapya ni mazito kidogo, basi nikapunguza kile kiini cha madini ya risasi kinachoshindiliwa ndani, mpaka jumla ikarudi palepale. Mizani haikulalamika. Nikapima vyote, nikavipanga kwa uzito, hamsini hamsini, maboksi sita. Kati ya chepesi kuliko vyote na kizito kuliko vyote pana sehemu moja ya kumi ya greni. Viwanda vyenye mashine kubwa kama nyumba havifiki hapo. Mimi nimefika kwa mashine ya mkono niliyoikuta imeota kutu, na kwa elimu niliyojipa mwenyewe baada ya zamu za kukaanga mayai mkahawani.

Wateja wangu ni kumi na mmoja. Kumi wanatumia vyepesi vya greni 155, ambavyo magamba yake ni mengine kabisa. Vizito ni vya Halvor peke yake.

Mei 2

Uwanja wa shabaha umefunguliwa. Watu kumi na tisa, mbwa watatu, upepo wa magharibi.

Halvor Dokken ana miaka sabini na sita, anafuga ng'ombe peke yake kule bondeni, na bado analala kifudifudi mkekani na kuinuka bila kushikwa. Wendell, mwenyekiti wetu, akamuuliza kama aletewe kitanda. Mzee akamwambia alete na mto kabisa, maana yeye atamaliza kufyatua na kupata usingizi kabla Wendell hajaiona shabaha yake iko wapi.

Nilikuwa zamu ya handakini, chini ya shabaha, nikizishusha na kuziba matundu. Kila mtu hapa ana zamu yake handakini, mwenyekiti na mpishi sawasawa. Na kila mfyatuaji, kabla sisi hatujainua shabaha na alama, sharti atamke anaamini risasi yake imekwenda wapi. Anayekaa nyuma yake anaandika kwenye kadi: alichotamka, ilikotua, na kama amegusa kifundo cha kupandisha au kushusha darubini ya bunduki. Halvor tangu nimjue akitamka "katikati" huwa ni katikati. Leo katika ishirini ametamka hivyo mara kumi na nne. Zilizotua katikati ni mbili. Nyingine juu, nyingine chini.

Jioni alisema labda ni kahawa.

Mei 9

Mvua. Hakuna aliyekuja.

Mei 16

Halvor tena. Juu, juu, chini, juu, chini, chini. Ikipanda anashusha darubini, ikishuka anapandisha, na kila anachorekebisha kinamharibia kinachofuata. Nilimwambia aache kukigusa kile kifundo. Akasema, "Binti, nikiona nyumba inaungua siwezi kukaa nikaitazama." Nina miaka hamsini na nane. Ni yeye tu aliyebaki kuniita binti.

Mei 17

Nimepanda viazi.

Mei 30

Leo wakati wa kifungua kinywa, mimi nikiwa jikoni na wao wakidhani sisikii, Wendell amewaambia wenzake kwamba shida ya mzee ni vichwa vya Leota. Kwamba vimetengenezwa ghalani na mwanamke aliyekuwa anatoa sahani. Mmoja akacheka.

Niandike hapa niliyokuwa sitaki kuyaandika. Miaka tisa nimejumlisha alama za uwanja huu kila msimu bila kukosea hata moja, na miaka tisa hawajanipa kiti kwenye kamati. Wakitaka hesabu, Leota. Wakitaka mayai, Leota. Wakitaka wa kulaumiwa, sasa, Leota pia. Na jina likishaharibika katika kazi hii halioshwi. Watu kumi na mmoja wanaweka vichwa vyangu mbele ya baruti na kulaza shavu pembeni yake. Wakianza kunitilia shaka, nimekwisha.

Halvor kafyatua ishirini nyingine leo. Mbaya kuliko zote.

Juni 6

Siku ya kufyeka nyasi na kupaka rangi mbao. Nilijua wote watakuwepo, nikaja na mizani yangu.

Niliiweka kwenye meza ndefu ya jikoni, nikafunga madirisha, maana mizani hii inasikia hata mtu akipumua. Nikaiacha ipate moto nusu saa, nikaisahihisha kwa kipande cha uzito kamili. Kisha nikamwomba Halvor anipe boksi lake ambalo halijafunguliwa. Nikamwambia Wendell akae asome namba kwa sauti yake mwenyewe, ili mtu asije kusema nimesoma ninayotaka.

Hamsini. Alisoma zote hamsini. Mia na themanini na saba. Mia na themanini na saba. Mia na themanini na saba na nukta moja. Ya thelathini hivi sauti ilianza kumkauka. Nikamletea maji.

Alipomaliza nikamwambia, "Sasa lete za kwako, za dukani, nami nisome."

"Haina haja, dada."

"Lete tu, Wendell. Dirisha limefungwa, hatusikiki nje."

Akazileta. Nilisoma ishirini tu. Tofauti kati ya ya juu na ya chini ilikuwa greni moja na nusu, mara kumi na tano ya zangu. Hakuna aliyecheka. Fundi magari mmoja, mteja wangu wa zamani, akasema wote kumi wanaotumia za Leota wamepandisha alama mwaka huu, na ni kweli, nilikuwa na takwimu zao mfukoni.

Halvor alikuwa amekaa mwisho wa meza. Akasimama, akachukua boksi lake, akasema, "Basi ni mimi." Hivyo tu. Kisha akatoka kwenda kumalizia kupaka rangi.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Nimeandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Juni 13

Mkono wangu bado una mchanga ndani ya kidonda.

Nilikuwa handakini na fundi magari. Halvor alikuwa amefyatua nane. Nilikuwa nimeinua shabaha kungoja risasi ya tisa, nikasikia mlio ambao si wa karatasi. Ukingo wa udongo juu ya vichwa vyetu ukapasuka, mawe yakatumwagikia. Jiwe moja likanichana kuanzia kiwiko mpaka karibu na kifundo cha mkono. Fundi akapiga simu, wakasimamisha kila kitu, bendera nyekundu ikapanda.

Tulipofika juu, Halvor alikuwa amekwishatoa kifunga bunduki na kukiweka chini mbali naye, kama inavyotakiwa. Alikuwa amekaa mkekani na mikono juu ya magoti, anaitazama. Ile ya nane ilikuwa imepanda sana. Akataka kushusha darubini kidogo, akazungusha kifundo na kuzungusha, hesabu ikampotea, akapita alipokusudia. Alisema mwenyewe. Hakujitetea.

Akaniuliza mkono. Nikamwambia ni mchubuko.

"Mkono wako mchubuko," akasema. "Wangu ndio tatizo."

Juni 14

Kamati ilinipigia simu, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Wanataka sahihi yangu, mimi niliyejeruhiwa, kwenye karatasi ya kumwondoa Halvor uwanjani kwa usalama. Wendell aliongea kwa upole sana. Alisema, "Vichwa tumevipima, dada, umetuonyesha mwenyewe. Sasa kimebaki nini?"

Hakikubaki kitu. Nilitia sahihi.

Juni 20

Upepo maili ishirini. Sikwenda.

Juni 23

Corliss, binti wa Halvor, alipita kuniletea maboksi manne ambayo baba yake hajayatumia. Hakukaa. Alisema baba yake amempa funguo za gari kwa hiari yake. Alimwambia kwamba mtu asiyeweza kuweka risasi anapotaka hana ruhusa ya kuendesha tani mbili barabarani penye watoto. Corliss alikuwa hajamwomba. Alikuwa na hofu jinsi ilivyokuwa rahisi.

Juni 27

Mvua ya mawe. Viazi vimelala.

Julai 11

Halvor ameuza ng'ombe. Mia na themanini, na ndama wao. Malori manane yalipita barabara ya juu asubuhi. Yeye amehamia mjini kwa Corliss, chumba cha chini.

Wateja wapya wawili wameniandikia wiki hii. Habari ya siku ile ya mizani imefika mbali.

Julai 18

Joto. Vichwa 155, mia nne.

Julai 25

Joto. Vichwa 155, mia tatu na hamsini. Wendell ameagiza mia moja. Aliniita "Bi Leota."

Agosti 1

Milima ya magharibi inaungua. Jua limekuwa kama kiini cha yai.

Agosti 8

Moshi. Uwanja umefungwa. Kutoka yadi elfu shabaha haionekani.

Agosti 15

Moshi bado. Kwa kuwa hakuna kufyatua, nikaona nianze kujumlisha alama za msimu mapema. Kadi zote ziko nyumbani kwangu ndani ya sanduku la viatu.

Nilifika kwa Halvor. Jina lake limekatwa kwa wino mwekundu, lakini kanuni inasema alama zinajumlishwa hata za aliyeondoka, nami sijawahi kuruka mstari. Kadi tatu kamili, tundu sitini. Mkono ulikuwa unajumlisha tu, na jicho likakwama.

Nilichukua karatasi kubwa nikachora kila tundu mahali pake. Picha ikawa fujo kama nilivyotarajia. Kisha nikaondoa kila alichorekebisha kwenye darubini. Kila mguso mmoja wa kifundo ni inchi mbili na nusu kule mwisho, na miguso yote imeandikwa kwenye kadi. Nilirudisha kila tundu pale ambapo lingetua kama asingegusa kitu. Kazi ya saa tatu.

Fujo imeondoka. Yamebaki makundi mawili. La juu lina matundu ishirini na saba. La chini lina thelathini na moja. Kati yake pana ukanda wa inchi tano, na humo ndani mna matundu mawili tu.

Na kwa upana, ukitoa upepo, amekwenda inchi nne kila upande. Nne. Wendell hajawahi kufanya nne maishani mwake.

Mkono unaotetemeka unatetemeka kila upande. Unatawanya. Hauwezi kuruka katikati mara hamsini na nane kati ya sitini.

Sijala.

Agosti 16

Nilifungua yale maboksi manne. Sikuwasha mizani. Nilichukua kipimo cha urefu.

Vichwa themanini na vinane ni vifupi. Mia na kumi na viwili ni virefu. Tofauti yake unaweza kuiona hata kwa jicho ukivisimamisha pamoja kwenye kioo, na mimi sikuwahi kuvisimamisha. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi. Gamba nene na kiini kidogo, uzito ni uleule, lakini mwili umekuwa mrefu zaidi. Mwili mrefu unasugua bomba la bunduki zaidi, unatoka kwa mwendo mwingine, unakata hewa vingine. Vilikuwa vichwa vya aina mbili, na mimi nilivimwaga kwenye bakuli moja nikaiachia mizani ivipange. Nayo ilivipanga kwa kitu pekee ambacho vilikuwa vimefanana. Kila boksi likapata mchanganyiko wake. Kama ningeacha vya kwanza mia na thelathini peke yake na vilivyofuata peke yake, mzee angerekebisha darubini mara moja tu na kuendelea na maisha yake.

Mfanyakazi wa wiki ya kwanza anajua usichanganye shehena mbili za magamba. Mimi nilijua. Lakini namba zilikuwa nzuri mno.

Hao kumi wengine hawakuguswa kwa sababu magamba yao ni mengine. Niliwatumia kama ushahidi.

Agosti 17

Vichwa 155, mia mbili.

Agosti 18

Hakuna ajuaye. Kadi ziko kwangu, maboksi yako kwangu.

Agosti 22

Mvua kidogo. Moshi umeshuka.

Agosti 25

Nimeandika barua kwa Halvor. Nimeichana. Ilikuwa na namba nyingi.

Agosti 29

Uwanja umefunguliwa tena. Nilikaanga mayai. Wendell akaniambia kamati imekubaliana, mwakani nina kiti. Akanipa mkono mbele ya watu. Nilimpa wangu, wenye kovu.

Septemba 5

Sikwenda. Nilisema naumwa. Nilikuwa naumwa.

Septemba 12

Siku ya mwisho ya msimu, ya zawadi. Watu ishirini na sita na familia zao.

Waliponiita nisome jumla za alama nikaenda na ile karatasi kubwa, nikaibandika ukutani. Nikaweka mezani kichwa kimoja kifupi na kimoja kirefu. Nikawaambia kwa mpangilio, kuanzia boksi jipya la magamba. Nilikuwa nimejizoeza ghalani. Nikasema Halvor Dokken hakuwa na tatizo la mkono. Nikasema mimi ndiye niliyemwondoa, kwa vichwa vyangu kwanza, kwa mizani yangu pili, kwa sahihi yangu tatu.

Wendell aliuliza vile vya 155 vikoje. Nikamwambia avipime urefu mwenyewe, asiniamini mimi. Wanne walitaka kunirudishia vilivyobaki nivikague. Mmoja akaondoka bila kusema. Kuhusu kiti hakuna aliyezungumza, nami sikuuliza. Fundi magari alinisindikiza mpaka kwenye gari, akasema si wengi wangefanya hivyo.

Niliendesha kurudi nikijiona mwepesi. Nilijiona, niseme ukweli, mtu mzuri.

Septemba 15

Nimekwenda mjini. Corliss alinifungulia mlango bila kushangaa. Hilo lilipaswa kunitosha kujua.

Halvor alikuwa chini, kwenye kiti kando ya dirisha dogo lililo sawa na nyasi za nje. Amepungua. Mikono ilikuwa juu ya magoti, imetulia kabisa. Nilianza kumweleza kuhusu magamba. Akaniacha nifike mwisho, viini, urefu, makundi mawili, inchi nne. Anaijua kazi hii kuliko mimi, hakuhitaji kurudiwa.

Kisha akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Agosti kumi na sita."

"Leo?"

"Kumi na tano, Septemba."

"Siku thelathini," akasema. Alizihesabu haraka kuliko mimi. "Na wa uwanjani wamejua lini?"

Nikasema Jumamosi. Nikaongeza kwamba nilisimama mbele ya wote, sikuficha kitu, nilitaja jina lake.

"Najua. Corliss aliambiwa dukani, jana, kwenye foleni ya nyama. Mtu alimpongeza." Alitazama zile nyasi. "Mimi nilidhani macho yamekwisha, Leota. Nilikuwa naona alama iko katikati, bunduki inalia, najua iko katikati, halafu mnainua shabaha mnaniambia siyo. Nikaanza kujiuliza ni mangapi mengine nayaona hayapo. Ng'ombe nimewauza kwa sababu hiyo. Sikuwauza kwa sababu ya alama."

Nami nikazitazama nyasi.

"Kwa nini uliwaambia wao kwanza?"

Aliuliza polepole, hakuinua sauti. Alikuwa anataka kujua kweli. Nilikuwa na namba za kila kitu, na kwa hilo sikuwa na hata moja. Au nilikuwa nayo. Nilikwenda kwao kwanza kwa sababu ndiko jina langu lilikokuwa. Hata nilipokuwa najivua, nilikuwa najivua mbele ya watu wa kunitazama.

Nilimwambia hivyo. Alisema kwamba Corliss ana miadi ya daktari wa meno saa tisa, na barabara itajaa.

Hakuniita binti.

Septemba 16

Nimetenganisha vichwa vyote vilivyomo ghalani kwa shehena na kwa urefu. Siku nzima. Wateja sita wamebaki.

Septemba 19

Nimempelekea kadi zake tatu, na ile ya nne ya tundu nane, na karatasi kubwa niliyochora. Ni mali ya uwanja, kanuni hairuhusu kuzitoa. Nimezitoa.

Alikuja mlangoni mwenyewe. Sikumwomba kuingia wala hakunikaribisha. Nilisema makundi yote yapo, na maneno aliyotamka yako pembeni ya kila tundu, aangalie mwenyewe ni mara ngapi alikuwa ameona sawa. Akazipokea kwa mikono miwili.

Nilipogeuza gari barabarani alikuwa bado amesimama palepale penye upepo, amevaa miwani, anasoma kadi ya kwanza ya Mei.